Maneno kwa vijana wa Mabanga: Tujihesabu sisi wenyewe



Kila mara tunapoomba robine za maji kwenye avenye zetu, swali ni lile lile: muko wangapi? Hakuna mwenye jibu. Sensa ya mwisho ya inchi hii ilifanyika 1984. Wengi wetu hapa tulikuwa hatujazaliwa.

Lakini faili ziko. Google inatoa bure Open Buildings: paa za Afrika zilizotambuliwa kwenye picha za satelite, kila paa mustari wake, na mahali ilipo na ukubwa wake. Shida ni kwamba vipande vyake ni vikubwa, havifuati kartiye wala mipaka. Excel haipiti mistari 1,048,576 kwa ukurasa mmoja. Inakupa onyo, ukilifunga bila kusoma na ukahifadhi juu ya faili ile ile, mistari iliyobaki imekwenda.

Hii si mchezo. Uingereza, mwaka 2020, wagonjwa karibu 16,000 wa Covid walikosa kuhesabiwa kwa siku kadhaa, kwa sababu faili ya Excel ya muundo wa zamani ilikuwa imejaa. Watu waliokutana nao wakachelewa kuonywa.

Sasa tufanye je?

Kwanza, tusiingize faili yote ndani ya databesi. Programu ya bure kama DuckDB inaisoma pale pale ilipo kwenye diski, hata ikiwa imebanwa kwa gzip. Inaipitia kipande kwa kipande, inabakiza tu tulichoomba. Ordinateri ya kawaida inaweza. Mega zinaliwa mara moja tu, wakati wa kushusha.

Pili, tuombe kidogo. Safu yenye mchoro wa kingo za paa njo inabeba uzito: tuiache. Tukate mraba wa Mabanga peke yake. Ukiupanua sana kuelekea mashariki, utahesabu hata paa za Gisenyi! Matokeo tuyaandike kwenye faili ndogo, ile kila mutu anaweza kufungua.

Tatu, tuhesabu mistari kabla na nyuma ya kila kazi:

SELECT count(*) FROM 'faili.csv.gz';

Namba zikipishana bila sababu, tunasimama hapo.

Na tusisahau: paa si mutu. Nyumba moja ya mbao inaweza kulaza familia tatu. Picha nayo inazeeka: lava ya tarehe 22/05/2021 ilifunika nyumba nyingi upande wa Buhene, na picha ya mbele ya hapo bado inazionyesha. Kwa hiyo faili itatupa orodha ya kuanzia. Miguu yetu itamaliza kazi, avenye kwa avenye, mulango kwa mulango, tukiuliza bamama wanaobeba bidoni.

Siku ile tutarudi kuomba maji, tutakuwa na namba mukononi, na kila mutu ataweza kuikagua.

Asiyehesabiwa hagawiwi. Tujihesabu!