CHOMBO KIDOGO AU CHOMBO KIKUBWA?

Maneno tuliyoyasema mbele ya wavuvi wa Chato

Wazee wetu, ndugu zetu wavuvi, na mama zetu mnaoanika dagaa na kuuza samaki mwaloni:

Twakushukuruni kwa kutuita. Sisi ni watu wa Visiwani, tuliozaliwa penye maji ya chumvi, nanyi ni watu wa maji matamu. Lakini upepo hauulizi maji ni ya namna gani, na mjane wa mvuvi hulia kilio kimoja, awe Pemba au awe Chato. Hatukuja kukufundisheni ziwa lenu. Tumekuja kupima pamoja nanyi jambo mlilotuuliza, nalo ni hili: kikundi chenye fedha chache, kinachotaka kuacha mtumbwi wa mbao na kununua boti ya alumini, kichague boti ndogo au kubwa?

Kwanza tuijue alumini yenyewe. Uzito wake ni kiasi cha thuluthi moja ya uzito wa chuma. Haiozi kama mbao, haitaki kutiwa kalafati, na katika maji matamu hukaa kwa raha kuliko katika bahari yetu, ambako chumvi huila upesi kila inapogusana na shaba. Hayo ndiyo mema yake.

Maovu yake ni matatu. La kwanza, ikipasuka haitengenezwi na fundi wa mbao aliyeko pwani. Yataka fundi wa kuchomelea mwenye gesi yake maalumu, na fundi huyo hapatikani kila mwalo. La pili, mtumbwi wa mbao ukijaa maji aghalabu huelea, na mtu akapata pa kushika. Boti ya alumini ikijaa maji huzama kama sufuria, illa ikiwa imejengwa na vyumba vya hewa vilivyozibwa, au imetiwa povu gumu lisiloingia maji. Asiyeonyeshwa vyumba hivyo kwa macho yake asitoe fedha yake. La tatu lawahusu khasa watu wa nchi ya dhahabu. Zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo huikamatia dhahabu, ni adui mkubwa wa alumini. Tone lake likipata mkwaruzo, huanza kuila bamba mpaka likawa unga. Kwa sababu hiyo hiyo zebaki huogopwa katika ndege. Basi boti yenu isikodishwe wala kuazimwa kuchukulia vitu vya machimboni, hata kwa malipo mazuri namna gani.

Sasa tuje katika ukubwa. Wako wasemao kwamba boti kubwa ni heshima, na ndogo ni ya maskini. Sisi twasema heshima ya mvuvi ni kurudi nyumbani na kulipa deni lake. Tazameni hesabu. Ukiongeza urefu, upana na kina cha chombo mara mbili, ujazo wake hauwi mara mbili. Huwa mara 8. Kwa hivyo bati lake, injini yake, mafuta yake na watu wake, vyote huongezeka kuliko jicho linavyodhania pale linapotazama urefu peke yake.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Boti ndogo ile lita 15 za mafuta kwa usiku mmoja, na kubwa ile lita 40. Katika usiku 20 wa kazi, ndogo imekula lita 300, na kubwa lita 800. Mafuta ndiyo yatolewayo kwanza kabla mvuvi hajapata fungu lake. Tena mwajua nyinyi kuliko sisi kwamba mbalamwezi ikiwaka taa za dagaa hazina kazi, na wavuvi hukaa pwani. Mwezi huwapumzisha wavuvi, lakini deni halipumziki. Mwenye deni kubwa akaona siku zake zinapita bure, hushawishika kwenda katika upepo asiopaswa kwenda, au kuvua sangara walio chini ya sentimeta 50, ambao sheria imewakataza na ambao ndio mtaji wa kesho. Hivyo ndivyo boti iliyonunuliwa kwa tamaa imgeuzavyo mtu mwema kuwa mvunja sheria.

Je, twasema basi mnunue boti ndogo? La, ndugu zetu. Ngojeni tumalize.

Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na lina desturi yake. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja pwani. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka pwani za pande zote, hukutana katikati ya maji, na hapo huzaliwa mawingu ya radi na dhoruba, khasa baina ya usiku wa manane na alfajiri. Na ni saa gani mvuvi wa dagaa yuko mbali na nchi kavu? Ni saa hizo hizo. Basi boti ndogo yenye kuta fupi, iliyobeba taa, nyavu, watu wanne na shehena ya dagaa mbichi, ikikutwa na dhoruba hiyo, haina la kufanya. Aliyeinunua kwa kuwa ni rahisi, hulipa bei iliyobaki kwa roho za watu.

Wala msidhani kwamba ukubwa peke yake ni salama. Mwezi wa Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichopewa rukhsa ya kuchukua abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara, na waliokufa walikuwa 228. Vyombo hivyo havikuwa vidogo. Shehena iliyopita kiasi huangusha kikubwa na kidogo sawasawa.

Sasa twaweza kutoa rai yetu. Chombo kichaguliwe kwa kazi yake, wala si kwa sifa yake. Atakayetega nyavu zake za sato karibu na pwani, akaenda na kurudi kabla upepo haujabadilika, boti ndogo yamtosha, maadamu ni pana ya tumbo na ndefu ya kuta, na haichukui zaidi ya watu watatu. Watu wachache huweza kuivuta mchangani, na usiku mtu akalala na injini yake ndani ya nyumba. Lakini asisogee katika maji ya Rubondo kwa kutafuta kivuli cha upepo, kwani kisiwa kile na maji yake ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Na atakayekwenda mbali usiku kutafuta dagaa, boti ndogo ni haramu kwake, hata akipewa bure.

Mtasema: kubwa twaijua, lakini fedha hatuna. Wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Nasi twajibu kwamba mnyonge ni yule aliye peke yake. Wavuvi kumi, kila mmoja akinunua kijiboti chake, watakuwa na madeni kumi na khatari kumi. Wakiungana wakanunua boti moja kubwa, wana deni moja, na kila mwenye deni ana jicho la kulitazama. Mwezi wa Januari 2024, huko Mwanza, Serikali ilikabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa njia ya mkopo. Hatusemi mkopo ni mbaya. Twasema mkopo ni wa wananchi, nao usomwe mbele ya wananchi: bei ya boti, muda wa kulipa, na litakalofuata mwezi ambao samaki hawakupatikana. Neno lisiloandikwa siku ya furaha hukanushwa siku ya msiba.

Atasimama mmoja wenu aseme, manahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli kabisa. Kwa hivyo boti iwe ya wengi, na nahodha awe mmoja. Akisema turudi, pasiwe na mwenye hisa wa kumbishia, wala asikatwe fungu lake kwa kurudi mapema. Daftari la mapato lisomwe kila mwezi, na mama zetu wauza samaki wawepo, kwani wao wazijua bei. Fungu la matengenezo na la siku za mbalamwezi litolewe kabla ya mgao. Majaketi ya kuokolea maisha yawe sawa na idadi ya watu, na yavaliwe, yasikaliwe. Ubavuni pigeni mstari wa rangi, na mstari huo ukifikwa na maji pwani, kitu kishushwe, hata kama ni mzigo wa mwenyekiti.

Na kabla ya kusukuma boti, isikilizwe khabari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mzee ajuaye nyota na aisikilize pia, kwani elimu mbili hazigombani.

Ndugu zetu, boti si bati na injini tu. Ndani yake mna baba wa mtu na mwana wa mtu, na pwani yuko anayengoja akihesabu taa zinazorudi. Chagueni ile itakayoirudisha kila taa nyumbani, kisha mkae chini kupiga hesabu ya namna ya kuinunua. Mkianza na bei, mtanunua msiba.