Kuseti Ruta na Swichi: Maneno kwa Vijana

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe)



Wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu. Nimepewa dakika chache, na najua baadhi yenu mna usingizi na daku haliko mbali. Basi sitawazungusha. Nimeombwa nizungumze juu ya ruta na swichi, vile visanduku vyenye taa za kumetameta mnavyoviona kwenye saiba, maofisini na siku hizi hata majumbani. Kuvitumia tunajua sote. Kuviseti, wachache.

Tuanze na tofauti, maana watu huchanganya. Swichi ni ya ndani. Inaunganisha kompyuta na printa za jengo moja ziweze kuzungumza. Kila kifaa kina anwani ya MAC iliyotiwa kiwandani, na swichi hujifunza yenyewe kwamba anwani fulani iko nyuma ya tundu fulani. Ikishajua, ujumbe wa mashine ya tatu haupelekwi tena kwa mashine ya saba. Ruta nayo ni mlango wa nyumba: inatoa ujumbe kwenda mitandao mingine na kurudisha jawabu kwa mwenyewe. Anwani za nyumbani kwako pengine zinaanza na 192.168, na jirani anazo hizo hizo, kwa sababu zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Ruta huzificha nyuma ya anwani moja ya nje, na kazi hiyo huitwa NAT. Anayegawa hizo za ndani ni DHCP, na katika mtandao mdogo awe mmoja tu. Wakiwa wawili, kila mmoja atagawa zake, na nusu ya mashine zitapotea njia.

Mimi nimeanguka mara mbili katika kazi hii, na zote nitawasimulia.

Ya kwanza ilikuwa kwa mwenye saiba mmoja aliyeniamini kabla sijastahiki kuaminiwa. Nilikaa siku nzima naseti ruta yake. Mashine kumi na mbili zikapata intaneti, akanilipa, akanipa na mkono. Usiku stima ikapotea. Asubuhi iliporudi, ruta ikaamka kama imetoka dukani, haina kitu. Simu ikalia: "Kijana, umenifanyia nini?" Wateja wamesimama mlangoni, na wiki ile alikuwa na karo ya mtoto. Kosa lenyewe dogo mno. Ruta za Cisco huweka mipangilio unayoiandika kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Lazima uiamrishe iinakili kwenye kumbukumbu ya kudumu: copy running-config startup-config. Mstari mmoja, wallahi, sikuuandika. Nilirudi nikafanya kazi yote upya bure. Tangu siku hiyo sitoki mahali kabla sijaizima ruta na kuiwasha mbele ya mwenyewe.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Chumba cha kompyuta cha madrasa moja, mtandao ulikufa ghafla, taa za swichi zote zikimeta pamoja kwa kasi. Kijana mmoja ndiye aliyeonekana mwisho kwenye mashine, basi akaambiwa ameleta kirusi, akatolewa nje. Mimi niliyeitwa kama fundi nikakubali, nikapoteza alasiri nzima natafuta kirusi. Kumbe mtu aliyefagia aliona ncha ya waya imelala sakafuni, akaichomeka kwenye tundu lililo wazi, kwa nia njema kabisa. Ncha zote mbili zikawa kwenye swichi ile ile. Ujumbe unaotangazwa kwa mashine zote ukazunguka bila mwisho, ukijizidisha, mpaka hakuna kingine kinachopita. Dawa yake ipo, inaitwa Spanning Tree, aliibuni mama mmoja Mmarekani, Radia Perlman, mwaka 1985. Swichi hugundua mzunguko na kuifunga njia moja. Lakini swichi nyingi za bei ya chini hazina. Nilichomoa waya, mtandao ukarudi papo hapo. Nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake. Akaniambia, "Haina neno, kaka," lakini wiki mbili hakuonekana madrasa.

Mtaniuliza habari za vyeti. Cheti cha CCNA kipo tangu 1998 na kina thamani, ila mtihani wake ni pesa nyingi, usikimbilie. Kuna programu iitwayo Packet Tracer, hupatikana bure, inakupa ruta na swichi za kuchezea ndani ya kompyuta. Haribu humo utakavyo. Ukienda kwa mteja, chora kwanza mtandao wake kwenye karatasi, andika kila anwani, na badilisha neno la siri lililokuja na ruta. Mkiacha "admin" na "admin", si ati mmefunga mlango, mmeurudishia tu.

Kesho baada ya Alasiri nitaleta swichi mbili kuukuu na ruta moja kwenye chumba cha nyuma. Akina dada wametengewa meza yao. Njooni na daftari. Tutaanza na kupanga rangi za waya: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Atakayewaonyesha ni yule kijana niliyemtaja. Mkono wake kwa waya umenipita mimi.

Wassalaam alaykum.