Krismasi Isiyoacha Deni: Chakula cha Familia Ndogo kwa Mazao ya Hapa Kwetu

Haya ni mazungumzo ya afisa wa lishe na wakazi waliokutana mapema mwezi wa Disemba. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumze kuhusu chakula cha Krismasi kwa familia ndogo. Ninamaanisha baba, mama na watoto wawili au watatu. Au mama na mtoto wake. Au nyanya anayelea wajukuu. Najua wengi wenu hamtasafiri mwaka huu. Nauli hupanda kila Disemba, na wengine, hasa mnaofanya kazi katika mashamba ya maua kule Naivasha, likizo yenu ni fupi. Mtasherehekea katika nyumba mnayopanga, na jiko moja na sufuria mbili. Hilo si jambo la kuonea aibu, na leo nataka tuone kwamba jiko moja linatosha.

Lakini kabla ya kufika jikoni, naomba tuanze na Januari, ile ambayo sisi wenyewe tumeibandika jina la Njaanuari.

Kuna mwaka mimi niliyesimama mbele yenu nilikopa pesa kwa simu tarehe 23 Disemba. Nilitaka meza yangu ifanane na ya jirani. Nilinunua kuku watatu, nyama ya mbuzi, keki na kreti mbili za soda. Tulikuwa watu wanne tu. Nyama nyingine iliharibika kwa sababu sikuwa na friji. Shule zilipofunguliwa, mtoto wangu alikaa nyumbani wiki nzima akingoja sare na vitabu, huku mimi nikilipa deni la chakula ambacho sehemu yake niliimwaga. Siku moja aliniuliza, "Mama, kwani ile Krismasi ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu. Nawaeleza haya ili mjue kwamba sikuja kumcheka mtu. Nimepitia hapo.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni hili. Kabla ya kuandika orodha ya soko, toa kando pesa za kodi ya nyumba, sare, vitabu na nauli ya Januari. Ziweke mahali ambapo hutazigusa. Kinachobaki ndicho cha Krismasi, hata kama ni kidogo. Wahenga walisema ujikune ujipatapo.

Jambo la pili, hesabu watu, kisha upike kwa hesabu hiyo. Uliza watakuwa wangapi mezani, na watakula milo mingapi. Mgeni akibisha hodi, ongeza viazi na kachumbari, usiongeze kuku.

Jambo la tatu, tununue kilicho karibu. Sisi tunaishi mahali ambapo watu wa miji mingine huja kutafuta chakula. Viazi vinatoka Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok. Kabeji, karoti na minji hutoka huko huko na kwa majirani zetu wa Kinangop. Maziwa tunayo. Mahindi yamevunwa majuzi. Samaki wako Ziwa Naivasha. Maembe yameanza kujaa sokoni, na Disemba ndio msimu wake. Chakula kilichosafiri safari fupi huwa kibichi zaidi, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Sasa tuingie jikoni. Nitawapa mapendekezo manne. Kila nyumba ichague moja, si yote manne!

La kwanza ni kuku wa kienyeji na wali wa supu. Kuku mmoja wa kilo moja na nusu anatosha watu watano, mradi umkate vizuri. Mkate vipande 10. Mapaja, kifua na mabawa ni vya mchuzi. Shingo, mgongo, miguu iliyosafishwa na firigisi vichemshe polepole kwa saa moja pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kidogo. Hiyo ndiyo supu yako. Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu, kwa hivyo hata vile vipande vya mchuzi vichemshe kwanza humo mpaka vilainike, ndipo uvikaange na vitunguu na nyanya. Supu iliyobaki itumie kupikia wali badala ya maji. Kila punje ya wali itakuwa na ladha ya kuku, na mtoto aliyepata kipande kidogo hataona kwamba amepunjwa. Pembeni weka kabeji iliyokaangwa kidogo na karoti.

La pili ni pilau ya nusu kilo ya nyama. Watu wengi wanaamini kwamba pilau bila nyama nyingi si pilau. Si kweli, pilau ni viungo na supu. Kwa watu watano chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa, uikate vipande vidogo na kuichemsha mpaka ilainike. Kaanga vitunguu vitatu vikubwa mpaka viwe rangi ya kahawia, bila haraka, kwa sababu rangi ya pilau hutoka hapo. Tia kitunguu saumu, tangawizi na bizari ya pilau, kisha nyama, kisha viazi vinne vilivyokatwa nusu. Weka vikombe 3 vya mchele na vikombe 5 na nusu vya supu. Funika, punguza moto, na usikoroge ovyo. Vile viazi vitanyonya viungo, na hapo ndipo akiba yako ilipo. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na dania inakamilisha sahani.

La tatu ni mukimo na samaki, au mukimo na maharagwe. Chemsha viazi kilo 2, minji vikombe viwili, mahindi mabichi au yaliyochemshwa kikombe kimoja, na majani ya malenge au terere. Ponda vyote pamoja. Kwa kitoweo, tilapia wawili wa wastani wakikaangwa na kutiwa mchuzi wa nyanya wanatosha familia ya watu wanne. Na kama samaki ni ghali siku hiyo, maharagwe yaliyoungwa vizuri kwa karoti na dania si chakula cha unyonge. Yana protini, na watoto wanayapenda yakiwa na mchuzi mzito.

Maharagwe hula makaa mengi, kwa hivyo sikilizeni ujanja huu. Yaloweke usiku, umwage yale maji, uyachemshe kwa maji mapya dakika 30 yakitokota kabisa. Kisha funika sufuria, uiweke ndani ya kikapu kilichotandikwa blanketi zito, uifunike pande zote na uiache saa tatu au nne. Joto lake litaendelea kuyaivisha. Baadaye yarudishe motoni yatokote tena mpaka yalainike, ndipo uyaunge. Utakuwa umeokoa makaa ya kupikia chapati.

La nne ni hizo chapati, kwa sababu najua kuna nyumba ambazo bila chapati watoto watasema Krismasi haijafika. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa takriban chapati 12. Ukichanganya unga na karoti au malenge yaliyochemshwa na kupondwa, zinakuwa laini, na unga unakwenda mbali zaidi. Ziandae na ndengu au minji yenye viazi. Baadaye leta chai ya maziwa na maembe yaliyokatwa. Embe moja kwa watu wawili ni tunda la kutosha, na linashinda chupa ya soda kwa afya na mara nyingi kwa bei.

Sasa, namna ya kununua. Usiende sokoni mara moja tu tarehe 24. Wiki hii nunua vitu vikavu: mchele, unga, maharagwe, ndengu, mafuta ya kupikia na viungo. Wiki ijayo nunua viazi na vitunguu. Nyama, nyanya na dania viache hadi siku ya mwisho au ile inayoitangulia.

Mnaweza pia kuungana. Familia tano zikichanga, zinaweza kununua gunia moja la viazi la kilo 50 na kugawana kilo 10 kila moja. Kanuni za serikali za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, kwa hivyo tusishabikie lumbesa. Inamuumiza mkulima ambaye ni ndugu yetu. Viazi hivyo viwekeni mahali pakavu, penye giza na hewa. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu, msimpikie mtoto.

Na kwa wenye kijiwanja nyuma ya nyumba, hili ni la mwaka ujao. Kituo cha utafiti cha KALRO pale Naivasha kimeendeleza kuku wa kienyeji walioboreshwa. Kifaranga anayenunuliwa mwezi wa Julai, akitunzwa na kuchanjwa, Disemba ni jogoo wa kuchinjwa. Badala ya kununua kuku siku ambayo kila mtu anamtafuta, utakuwa naye bandani.

Nisingekuwa nafanya kazi yangu kama nisingetaja usalama. Nyama nunua kwenye bucha, na uangalie muhuri wa mkaguzi. Mbuzi au ng'ombe aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata mkiambiwa ni bei ya kutupa. Ugonjwa wa kimeta unaua. Samaki mwulize muuzaji ametoka wapi. Tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda na kufika upande wa Mwariki na Barut, samaki wa ziwa hilo wamekuwa wakipitishwa mitaani kwa bei ya chini. Wataalamu wa uvuvi wameonya kwamba wana madini mazito yanayodhuru mwili, hasa wa mtoto na mama mjamzito. Msiwanunue.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kama huna friji, pika cha siku hiyo tu. Kinachobaki kipasheni moto mpaka kitokote, si kuvuguvugu. Maziwa mabichi yachemsheni.

La mwisho kuhusu usalama ni jiko la makaa. Usiku wetu huwa na baridi, hasa kule Molo na Mau Narok, na mtu hushawishika kuliacha jiko ndani alale na joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Pikeni mlango na dirisha vikiwa wazi, na jiko litoke nje kabla ya kulala. Chakula cha bei nafuu hakina maana kama familia haitaamka.

Ndugu zangu, mtoto hakumbuki kulikuwa na kilo ngapi za nyama. Anakumbuka kwamba alipewa kazi ya kumenya minji, kwamba baba alikuwa nyumbani, kwamba walikula pamoja bila mtu kukasirika. Wapeni watoto kazi jikoni. Mwiteni na yule jirani anayeishi peke yake. Sahani moja haitawafilisi.

Shule zitakapofunguliwa, nataka nipite barabarani asubuhi nione watoto wenu wote wamevaa sare na kubeba mikoba. Nikiwaona, nitajua kwamba Krismasi yenu ilikuwa nzuri, bila hata kuuliza mlikula nini.

Nawatakia Krismasi njema na Januari isiyo na njaa.