Matembezi ya Familia Katika Likizo ya Kipupwe

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi, Mbozi



Nilipoombwa kuzungumza katika semina hii, nadhani ilitazamiwa kwamba nitasema juu ya mizania na daftari za ghala. Nitayafikia hayo, lakini kwa njia ya kuzunguka. Nataka kwanza kusema juu ya watoto wetu na likizo ya mwezi wa Juni.

Likizo hiyo huangukia katika kipupwe. Asubuhi umande ni wa baridi kali, ukungu haujainuka, nayo kahawa imeanza kuiva. Mtoto aliyefunga shule Ijumaa, Jumatatu yuko shambani na kikapu. Sisemi kwamba mtoto asimsaidie mzazi wake. Nami nililelewa hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba katika likizo nzima yafaa apate japo siku moja iliyo yake, akiwa pamoja na baba na mama, mahali ambapo hakuna mtu anayehesabu madebe.

Wengi hudhani matembezi ni jambo la watu wa mjini wenye fedha. Mimi mwenyewe nilikiona Kimondo cha Mbozi kwa mara ya kwanza nikiwa nimepita miaka thelathini, tena kwa kuwasindikiza wageni. Wao walikuwa wamesafiri siku mbili. Mimi nilikuwa nikiipita njia panda yake kila mwezi kwa pikipiki ya kazi. Kipo pale Ndolezi, kina urefu wa mita 3 hivi, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Wapo wanaosema kiligunduliwa mwaka 1930, lakini huo ni mwaka ambao mpima ardhi mmoja alikitangaza kwa watu wa nje. Wenyeji walikifahamu kabla yake. Mtoto aliyesoma darasani habari za sayari, akiweka kiganja chake juu ya chuma kile kilichotoka angani, hahitaji hotuba. Kwa vyama vilivyo karibu, hii ni safari ya miguu au ya baiskeli, na gharama yake ni kiingilio na viazi vya kuchemsha.

Wenye uwezo wa kukodi gari waweza kwenda mbali zaidi. Katika Rungwe liko Daraja la Mungu, mwamba uliojiinamisha juu ya mto Kiwira kama tao lililojengwa na fundi. Liko pia Ziwa Ngosi, katika kreta juu ya milima ya Uporoto. Kipupwe ni wakati mzuri wa kulipanda kwa kuwa mvua zimekwisha na njia haitelezi sana, ila watoto wadogo sana waachwe, maana mlima ni mkali na huko juu baridi haina mzaha. Kitulo mnakosifia maua msiwapeleke watoto mwezi wa Juni: maua yale ni ya wakati wa mvua, na kwa wakati huu mtakuta nyasi na upepo. Matema, kwenye Ziwa Nyasa, kuna joto zuri, lakini kutoka huku ni mbali mno kwa kwenda na kurudi siku moja.

Sasa gharama. Tuchukue mfano wa hesabu tu: gari la abiria la viti 30 linakodiwa kwa shilingi 240,000 kwa siku. Kila kiti ni shilingi 8,000. Anayeweka shilingi 500 kila juma atakuwa ametimiza baada ya majuma 16, yaani akianza katikati ya Februari yuko tayari mwanzoni mwa Juni. Kwa familia ya watu watano hiyo bado ni shilingi 40,000, na sitamdanganya mtu kwamba ni kidogo. Ndiyo maana nilianza na safari ya miguu. Na lori la mazao, Ndugu zangu, ni la magunia. Msipakie watoto humo hata kama dereva ni shemeji yenu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Kamati ilikuwa imeazimia kuwapeleka watoto Ngosi, jambo jema kabisa. Lakini michango haikukusanywa mapema, na siku ilipokaribia mwenye gari akadai fedha zake. Zikachukuliwa fedha za malipo ya wakulima, kwa nia ya kuzirudisha baada ya juma moja. Watoto walikwenda, wakafurahi. Juma likawa mwezi, na siku ya malipo wakulima waliokuwa mwisho wa foleni wakaambiwa warudi kesho. Hakuna aliyeiba hata senti. Hati zote nilizikuta. Hata hivyo katibu aliondolewa, na katika chama kile ukitaja matembezi mkutanoni hadi leo unazomewa. Taarifa ile niliiandika mimi, na nisingeweza kuiandika vinginevyo. Lakini nilimhurumia yule bwana, kwa kuwa watoto wake watatu walikuwamo katika gari lile na kiti chao alikuwa amekilipa kwa fedha zake.

Kwa hiyo shikeni hili. Fedha za safari si mapato ya chama. Ni amana ya wanachama, na ni deni la chama kwao mpaka siku ya safari. Zifunguliwe ukurasa wake katika leja, kila anayetoa apewe stakabadhi, nazo zipelekwe benki, zisilale sanduku moja na fedha za mazao. Safari isipofanyika, kila mtu arudishiwe chake.

Wapo wajane, na wapo wazee wanaolea wajukuu. Kama chama kina fungu la elimu au la huduma za jamii, mkutano mkuu waweza kuidhinisha nafasi chache kwa watoto hao. Nasema mkutano mkuu, si kamati, na kiasi kionekane katika makisio ya mwaka. Majina ya watoto hao yasisomwe hadharani.

Vyama vingine vimeniuliza kama safari yaweza kufanywa katika Siku ya Ushirika Duniani, ambayo ni Jumamosi ya kwanza ya Julai. Yaweza, lakini tazameni kwanza kalenda ya shule, na mjue kwamba siku hiyo magari hugombewa.

Watakaopitisha azimio mwaka huu waniletee nakala ya muhtasari na ukurasa wa leja kabla ya Februari kwisha, niutazame. Naona katibu mmoja kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja lori. Karibu, Ndugu, tukusikie.