Kura Moja ya Nchi Ndogo

Andikeni maneno matatu: baraza, mgombea, kura. Maneno haya mnayajua, maana hata kijijini viongozi huchaguliwa kwa kura. Lakini leo mgombea wetu si mtu. Ni nchi nzima.

Nchi hiyo inaitwa Visiwa vya Marshall, nayo imo katika Bahari ya Pasifiki. Watu wake walipohesabiwa mwaka 2021, walikuwa kiasi cha 42,000 tu. Je, nchi ndogo namna hii yatafuta nini katika baraza la dunia?

Kwanza tujue shida yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, visiwa hivyo vilikuwa mikononi mwa Marekani. Tangu mwaka 1947 Marekani ilivitawala chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kama Uingereza ilivyoitawala Tanganyika. Mwaka 1946 watu 167 wa Bikini waliombwa wahame, ili mabomu ya nyuklia yajaribiwe kwao. Walidhani watarudi upesi. Lakini mpaka mwaka 1958 mabomu 67 yalikuwa yamelipuliwa katika visiwa hivyo. Bomu kubwa kuliko yote lililipuliwa tarehe 1 Machi 1954. Majivu yake yenye sumu yaliwaangukia watu wa Rongelap, na watoto wakayachezea bila kujua. Watu wengi waliugua. Nao watu wa Bikini hawaishi kwao mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 1954 wenyeji waliuandikia Umoja wa Mataifa, wakaomba majaribio yakomeshwe. Wazee wetu nao waliijua njia hiyo: Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisema mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Ombi la watu wa Marshall lilipokewa, lakini mabomu yaliendelea kwa miaka 4 zaidi. Mwombaji husimama mlangoni. Wanaoamua wamekaa ndani. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 1991 Visiwa vya Marshall viliingia katika Umoja wa Mataifa kama nchi inayojitawala. Ndipo vilipoweza kugombea kiti katika Baraza la Haki za Binadamu. Baraza hili liliundwa mwaka 2006, nalo hukutana Geneva, katika nchi ya Uswisi. Lina viti 47, na kila nchi huchaguliwa kwa miaka 3. Wapiga kura ni nchi zote 193 za Umoja wa Mataifa, na kura ni ya siri. China ina kura moja. Tanzania ina kura moja. Visiwa vya Marshall vina kura moja. Mgombea hana budi apate kura 97 au zaidi.

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu. Mwaka 2019 nchi za Asia na Pasifiki zilikuwa na viti 4, na wagombea walikuwa 5. Indonesia ilipata kura 174, Japani 165, Korea ya Kusini 165, Visiwa vya Marshall 123, na Iraki 121. Toeni 121 katika 123. Mmepata ngapi? Mbili tu! Basi mtu akikuambia, "Kura yangu moja itafaa nini?" mwonyeshe hesabu hii.

Na kiti chenyewe kilifaa nini? Oktoba 2022, Visiwa vya Marshall vikiwa ndani, Baraza lilipitisha azimio juu ya madhara ya mabomu yale. Liliitaka Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ivisaidie visiwa hivyo katika kutafuta haki, na iandike taarifa.

Tusidanganyane, ndugu zangu. Baraza hili halina jeshi wala polisi. Azimio halikusafisha udongo wa Bikini, wala halikumrudisha mtu nyumbani. Lakini neno lililoletwa mlangoni mwaka 1954 sasa limeandikwa na Baraza lenyewe, na aliyelisema alikuwa amekaa kitini. Oktoba 2024 nchi hiyo ilichaguliwa tena, kwa kura 124, ikae tangu mwaka 2025 mpaka 2027.

Nawe, mwanafunzi, unapoitwa kwenye mkutano wa kijiji au wa chama cha ushirika, usiseme, "Mimi ni mdogo." Nenda, keti, sema neno lako, na hakikisha limeandikwa. Sasa unajua kusoma. Waweza kulisoma mwenyewe.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini ombi la mwaka 1954 halikusimamisha mabomu?
2. Kila nchi ina kura ngapi?
3. Ni jambo gani la kijiji chenu ambalo halijapata msemaji?