Heri Kabla ya Faida



Kila Diwali wafanyabiashara wetu huleta vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi kwa ibada ya Chopda Pujan. Huandikwa humo «Shubh Labh», yaani heri na faida, heri hutangulia. Nasema kwa haya: nilipokuwa kijana dukani, nilibeba kitabu kimoja kuja hapa hekaluni. Cha pili, chenye hesabu za kweli, kilibaki kabatini. Tukastawi. Jirani yetu aliyelipa kodi yote alifunga duka, nasi tukaketi safu ya mbele tukiimba kwa sauti. Gita, mlango wa 3, humwita mnafiki azuiaye viungo huku moyo ukitamani. Jirani yule yungali hai. Bado sijamwomba radhi.