Wataalamu Wakituuliza, Tuseme Kweli
Maongezi na wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika



Leo tuzungumze juu ya wataalamu wa afya wanaofika kwetu na madaftari. Wako wenzetu wanaosema, "Hawa kazi yao maswali tu, dawa hawatupi." Je, ni kweli?

Kila mtaalamu ana kazi yake. Daktari humtibu mgonjwa. Mtaalamu wa maabara hupima choo cha mgonjwa, akitafuta vijidudu. Wa tatu hutafuta njia: ugonjwa umetoka wapi, na unapita wapi? Huyo ndiye mwenye maswali mengi.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi mjini London, Uingereza. Wakati ule wengi waliamini kuwa kinaletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow aliuliza watu: maji mnachota wapi? Akagundua kuwa wengi waliokufa walikunywa maji ya pampu moja ya mtaani. Mpini wa pampu ile ukaondolewa.

Sasa tutazame kwetu. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia Kagunga. Vyoo vilikuwa vichache, na watu walikunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Ugonjwa huu husafiri na watu, hata kwa mtumbwi. Tena mtu anaweza kuwa na vijidudu bila kuharisha. Ndiyo maana tunaulizwa: ulitoka mwalo gani? Ulikunywa maji gani? Choo unacho?

Tukificha kwa kuona aibu, wataalamu watatafuta huku, na ugonjwa utaua kule.

Lakini na sisi tuwaulize: mmetumwa na nani? Majibu mtatuletea lini? Wakileta karatasi ya utafiti, tuisome kwanza ndipo tutie sahihi. Tukiona haifai, tunayo haki ya kukataa. Kusoma tumejifunza kwa ajili hiyo.

Na tusingoje wageni. Tuchemshe maji ya kunywa, tutumie choo, tunawe kwa sabuni. Mtu akiharisha sana, tumpe maji safi lita 1 yaliyochanganywa na sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo. Anywe kidogo kidogo, huku tukimkimbiza zahanati. Tusikawie, kwani kipindupindu huweza kuua kwa saa chache.